Zamu ya Nyanjige kwenye Treni ya Vilima

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kugombania pamba ya Bariadi, nyuma yao ikaja kila aina ya biashara, mpaka treni ya kuchezea. Ilifungwa uwanjani mjini: vigari vinne vyekundu juu ya reli ya kupanda na kushuka. Mahona wa Mwamapalala akampeleka mke mdogo, Felisita, siku walipokwenda kununua sufuria. Hapo ndipo alipojiponza.

Wiki nzima Nyanjige, mke mkubwa, mama yake Salu, alikula ugali kwa habari za treni.

"Dada, kule juu moyo ulinitoka," Felisita alisema akipepeta mchele. "Baba Salu akanikumbatia hivi, mpaka chini."

Treni yenyewe Nyanjige hakuijali. Lile "hivi" ndilo lililomnyima usingizi. Miaka kumi na tisa ya ndoa, Mahona alikuwa amemshika mkono mara moja tu, tena akimvusha mto.

Nyumba ile ilikuwa na sheria yake: kitenge kikiingia kwa mmoja, kinaingia na kwa mwenzake. Jembe kwa jembe, sufuria kwa sufuria.

"Na treni," Nyanjige akamwambia mumewe.

"Treni si kitu cha kugawa, Mama Salu."

"Mbona umeshaigawa, ukaanzia huko?"

Jumamosi akakaa nyuma ya baiskeli, amejipaka mafuta mpaka kwenye visigino. Kigarini akamsogelea mumewe, akafumba macho, akatayarisha ukelele. Treni ikakohoa, ikapanda kilima ambacho hata kihenge chake cha mahindi kilikizidi urefu, ikateremka kwa adabu, ikagoma. Vijana wawili wakaisukuma mpaka ilipoanzia. Alipofumbua macho, ukelele ulikuwa bado uko kooni, na mikono ya Mahona imeshikilia kofia yake.

"Ndiyo imeisha?"

"Imeisha. Ng'ombe wa plau anaipita."

"Na kunikumbatia?"

"Nikukumbatie kwa nini? Unaumwa?"

"Felisita ulimkumbatia."

"Felisita alipanda peke yake. Mimi nilikuwa chini, namshikia viatu."

Nyanjige akacheka peke yake nyuma ya baiskeli, karibu nusu ya safari. Kisha kicheko kikamkatikia. Viatu. Vya kwake nani aliwahi kuvishika?

Nyumbani Felisita alikuwa kwenye kinu.

"Mwadila, dada," akamsalimia kwa Kisukuma. "Haya, ilikuwaje?"

Habari ya viatu ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nyanjige akaimeza, akafungua kilemba taratibu.

"Wee Felisita. Alinikumbatia mpaka sasa mbavu zinauma. Namwambia niachie, watu wanatuona. Hataki."

Mchi ukasimama. Felisita akamtazama Mahona, ambaye hata baiskeli alikuwa hajaiegesha.

"Baba Salu," akasema polepole, "kesho mimi. Na safari hii tunapanda wote wawili."