Basi la Kwenda Mji wa Ukimya

Aliyekuwa na hamu ya safari ni mke. Mumewe, mwalimu wa udereva ambaye hata akikaa kwenye kochi mguu wake wa kulia ulikuwa ukitafuta breki, angeridhika kumaliza likizo nzima nyumbani bila mtu wa kumkwaruzia gia. Lakini mkewe kazi yake ilikuwa kupanga ratiba za mitihani, na mtu wa kazi hiyo hawezi kuiacha likizo ijiendee tu. Aliteremsha picha ya harusi sebuleni, akatundika ramani ya nchi waliyokusudia kwenda, akaanza kuchoma pini. Nyekundu zilikuwa za mahali pa lazima: mnara, kasri, maporomoko ya maji. Njano zilikuwa za vituo vya pembeni, ambavyo watalii hawavijui.

Nyekundu hazikumsumbua. Njano ndizo zilizomtoa jasho. Kila alipopata mahali aliwauliza wenzake ofisini kama wamewahi kupasikia. Mmoja akisema, "Kama napajua vile," pini inang'olewa. Kwa mtindo huo yakaondoka madaraja, masoko na ziwa zima, mpaka yakabaki makumbusho ya kufuli, kilima ambacho ukikipanda unaona kilima kingine, na mji mdogo unaosifika kwa sababu watu wake hawapendi kusema.

"Sasa mke wangu," Mwalimu aliuliza, "tunapanda kilima ili tuone kilima?"

"Ndiyo."

"Kwa nini tusipande hicho kingine?"

"Hicho kingine kinajulikana."

Mkewe akapanda kiti ili achome pini ya mwisho juu kabisa, kiti kikateleza, akaanguka na kuvunjika mguu.

Mama yake alifika siku hiyohiyo. Alikuwa amestaafu uuguzi, lakini kwa jinsi alivyozisimamia wodi enzi zake, kila mtu aliendelea kumwita Metroni, mpaka wajukuu. Alimkuta bintiye amelala na plasta mpaka pajani, akambana shuka pembeni kama bahasha, na kabla hajaketi binti akamwambia, "Mama, tiketi hazifutiki, ila jina linabadilishwa. Utaenda wewe na mkweo. Mimi dada atanihudumia."

Mwalimu alimwogopa mama mkwe wake kuliko wanafunzi wote waliowahi kumpeleka mtaroni. Siku zote alimsalimia akiwa ameinamisha macho, na alijua viatu vyake vizuri kuliko sura yake. Metroni naye alikuwa hajawahi kukaa na mkwewe peke yao hata muda wa kunywa chai. Lakini mkwe atamkataaje mama? Na mama akisema hataki, si itaonekana hampendi mume wa mwanawe?

"Kama mwanangu hana neno," alisema Metroni.

"Kama mama ameridhika," alisema Mwalimu.

Wakapanda ndege.

Huko ugenini walianza na mnara. Foleni ilizunguka uwanja mzima, jua likiwachoma utosini. Mwalimu hakupenda mahali pa juu, na Metroni magoti yalikuwa yakimlilia, ila kila mmoja alijikaza kwa ajili ya mwenzake. Walipofika mlango wa lifti, Mwalimu alirudi nyuma hatua moja.

"Tangulia, mama."

"Hapana baba, tangulia wewe."

"Siwezi kukutangulia, mama."

"Wewe ni mwanamume wa safari, pita tu."

Waliendelea hivyo kwa heshima kubwa mpaka mlango ukajifunga, lifti ikaondoka, na mlinzi akawaonyesha njia ya kutokea. Jioni mke alipopiga simu kuuliza mnara ulikuwaje, Mwalimu alisema, "Mrefu." Metroni akaongezea kutoka mbali, "Watu wengi!" Hakuna aliyedanganya.

Kesho yake walikwenda kwenye makumbusho ya kufuli. Yalikuwa yamefungwa, na bawabu alikuwa amepiga magoti mlangoni akijaribu funguo moja baada ya nyingine, amelowa jasho. Walisimama wakimtazama mpaka mchana. Metroni akasema ni kitu cha kuelimisha sana. Mwalimu akasema hakika.

Kituo kilichofuata kilikuwa ule mji wa watu wasiopenda kusema. Kampuni ya utalii ilikuwa imeahidi basi mbele ya hoteli asubuhi na mapema, pamoja na mwongozaji anayejua Kiswahili, ambaye angewatembeza nchi nzima kuanzia siku hiyo. Walipotoka walikuta mabasi mawili. Moja lilikuwa na watu waliokaa wima, wamevaa kofia za namna moja, na hakuna aliyekuwa akifungua mdomo.

"Ni hili," alinong'ona Mwalimu. "Umeona walivyonyamaza? Wameshaanza."

Wakapanda. Njia nzima hakuna aliyesema neno, na wengine walisinzia. Metroni alipiga chafya, akaona haya.

Basi liliwashusha mbele ya jengo refu lisilo na madirisha ya maana. Mwanamke mwenye koti la buluu aliwafuata, akawauliza jambo kwa lugha ya kwao. Katika lugha ile mke alikuwa amemfundisha Mwalimu maneno ya lazima tu: asante, choo kiko wapi, na ndiyo.

"Ndiyo," alisema Mwalimu.

Yule mama akauliza tena, akionyesha jengo.

"Ndiyo. Asante."

Wakapewa ovaroli na kofia. Metroni aliikunjua yake, akamtazama mkwewe.

"Siku hizi watalii wanashirikishwa," alimweleza Mwalimu. "Ili waonje maisha ya wenyeji."

Kilikuwa kiwanda cha magodoro. Mwalimu alipewa kitoroli cha umeme cha kuhamisha magodoro kutoka kwenye mashine za kushonea mpaka ghalani. Alipokikalia na mguu wake wa kulia ukagusa breki ya kweli, breki iliyokuwa yake peke yake na hakuna mwanafunzi aliyeshika usukani, alihisi kama mtu aliyevua kiatu kinachombana. Alikata kona. Alirudi kinyumenyume akaegesha bila kugusa ukuta. Wafanyakazi wakaanza kumpisha kwa adabu.

Metroni alipelekwa chumba cha majaribio. Humo magodoro mapya yalilaliwa na watu, kisha yule mama wa koti la buluu alipima yamebonyea kiasi gani. Alimwashiria Metroni alale.

"Mimi?" Metroni alishika kifua. "Nilale?"

Maisha yake yote alikuwa amewatandikia wengine. Alikuwa amewalaza wenye homa, wazazi, wakorofi na wanaojifanya wagonjwa, na yeye mwenyewe alilala kwa kuibia tu, sikio likisubiri kuitwa. Na sasa mkwewe alikuwa mlangoni na kitoroli, anamwona! Mwalimu alielewa, akageuza kitoroli akatazama ukuta. Metroni akavua viatu, akajilaza taratibu, mikono ameikunja tumboni. Hazikupita dakika nyingi akaanza kukoroma. Mama wa koti la buluu akasoma kipimo chake, akatabasamu, akaita wenzake waje waone.

Jioni basi liliwarudisha hotelini.

"Umeuonaje mji, mama?" aliuliza Mwalimu.

"Umetulia sana." Metroni alipapasa meza. "Na kesho ratiba inasema nini?"

"Kasri."

"Kasri halikimbii."

"Wala halina miguu, mama."

Asubuhi wakapanda basi lilelile. Na iliyofuata vilevile. Hakuna aliyetamka neno kiwanda. Walisema "kule". Siku ya nne ndipo Metroni, akiwa amelala chali juu ya godoro lenye springi, alipomwita mkwewe aliyekuwa akipita na mzigo.

"Mwanangu, simamisha hicho kidude. Nina neno. Usigeuke."

Mwalimu akakanyaga breki, akatazama ukuta.

"Hii si sehemu ya utalii," alisema Metroni.

"Najua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoona wanagonga kadi mlangoni."

"Mimi tangu kwenye basi. Hakuna mtalii anayesinzia vile. Na hukusema."

"Nilidhani unapapenda."

"Napapenda! Wewe?"

"Mama, nisingependa kuondoka hata kwa kuburutwa."

Metroni akacheka mpaka springi zikalia chini yake. Mwalimu hakuwahi kumsikia akicheka. Akapata ujasiri, akasema akiwa bado anautazama ukuta, "Miaka yote hii mimi nakuogopa, mama."

"Na mimi nakuogopa wewe. Kila nikija unaangalia miguu yangu. Nikawa najiuliza, huyu mtoto ana nini na miguu yangu? Nilinunua viatu vipya kwa sababu yako!"

Tatizo likabaki picha. Mke alipiga simu kila jioni akizidai. Mwalimu, baada ya kujikuna kichwa, alimtumia picha moja ya ghala: magodoro yaliyofungwa nailoni nyeupe, yamepangana safu juu ya safu mpaka darini.

"Ni theluji?" aliuliza mke.

"Ni peupe sana," alijibu mumewe.

"Hapo ni wapi? Hapo sikupachoma pini!"

"Ni pembeni kidogo."

Mke aliwatumia wenzake wa ofisini kwa simu. Hakuna aliyepajua. Alimtumia na bosi wake, mtu aliyetembea dunia, naye akakiri hajawahi kupasikia wala kupaona. Mke akaona wivu. Yeye na ramani yake yote, halafu mama yake na mumewe wanajikwaa tu kwenye mahali pasipojulikana na mtu yeyote! Alipobadilishiwa plasta akapewa fupi na magongo mawili, hakungoja. Akapanda ndege, akatokea hotelini asubuhi wakati wawili hao wanatoka wamevaa ovaroli.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza.

Walitazamana.

"Kule," alisema Metroni.

"Nipelekeni."

Ndani ya basi mke alipendezwa na ukimya, akasema hatimaye anapumua hewa isiyo na watalii. Kiwandani alisimama kwenye magongo yake akatazama mashine, wafanyakazi, na ghala la theluji yake. Alimwona mumewe akikikalia kitoroli na mama yake akivua viatu. Uso wake ulibadilika polepole.

"Mama! Mnafanya kazi?"

"Mimi nalala," alisema Metroni. "Anayefanya kazi ni mumeo."

"Na mnara? Na kasri? Na maporomoko? Nimevunjika mguu kwa ajili ya zile pini!"

Alikuwa ameshainua gongo moja, haijulikani kwa nia gani, mlango mkubwa ulipofunguka. Akaingia kijana mwenye kibendera cha kampuni ya utalii, amekata tamaa, na nyuma yake mwanamume na mwanamke wakiwa na kofia pana za jua, ngozi za pua zimebabuka, shingoni wametundika kamera, mikononi mifuko ya vikumbusho. Walikuwa hoi. Walipoyaona magodoro, yule mwanamke aliangusha mifuko akaanza kulia.

Kijana ndiye aliyeeleza, maana alikuwa mwongozaji mwenyewe. Hawa wawili walikuwa wafanyakazi wapya wa kiwanda, wageni kutoka nchi nyingine kabisa, lugha ya hapa hawaijui wala Kiswahili. Asubuhi ile walikuwa wakisubiri basi mbele ya hoteli, yeye akawauliza kama ndio wageni wake, wakaitika kwa kichwa, akawabeba.

"Nimewatembeza nchi nzima kwa Kiswahili," alisema. "Hawakuuliza swali hata moja. Nikasema, hawa watu ni wasikivu! Kila asubuhi walinionyesha karatasi yenye picha ya godoro. Nilidhani wanalalamikia vitanda vya hoteli, mpaka leo nilipoona anwani ya kiwanda chini yake."

Mke alishusha gongo. "Umewapeleka kasri?"

"Mara mbili."

"Kilima cha kuonea kilima?"

"Walikaa juu mpaka nikawashusha mimi."

"Na mji wa ukimya?"

"Ule waliupenda. Huko hakuna aliyewasemesha."

Mke alimtazama mumewe, akamtazama mama yake, kisha akawatazama wale wawili kwa macho ya mtu aliyeona ndugu zake waliopotea. Alijikongoja mpaka godoro la karibu, akaketi, akawaashiria waketi kulia na kushoto kwake. Wakafungua kamera. Kwa kuwa hawakuelewana hata neno, walielezana kwa mikono: maporomoko yalishuka hivi, bustani ya kasri ilizunguka vile, kule kilimani upepo uliondoka na kofia. Mke alikuwa akipiga makofi. Kila picha ilikuwa imefuata ratiba yake, bila kuruka kituo hata kimoja. Mume hakuwahi kumwona ana furaha kiasi kile.

Mama wa koti la buluu alipoelezwa na mwongozaji kilichotokea, alifikiri kidogo, akasema wapya waanze Jumatatu, lakini yule mama anayekoroma wasimwondoe kabla hajamaliza godoro aliloanza. Tena akauliza kama yule wa plasta angeweza kuwalalia moja la wagonjwa wa mifupa, maana walikosa mtu wa kulipima. Mke akakubali, akijidai anakubali kwa shingo upande. Alilala mpaka saa ya basi.

Siku ya kurudi nyumbani, ndani ya ndege, mke alikaa upande wa njia ili anyooshe mguu. Aliuliza nani atakaa dirishani.

"Mimi," alisema Metroni.

"Mimi," alisema Mwalimu papo hapo.

"Wewe si unaogopa mahali pa juu?" aliuliza mkewe.

"Naogopa, ila nataka kuona rubani anavyoendesha."

"Mwanangu, nina umri wa kukuzaa. Sogea."

"Mama, kwa hili sisogei."

Walibishana mpaka abiria wa nyuma wakainua vichwa na mhudumu akaja kuwaomba wakae. Mke alibaki mdomo wazi, maana tangu aolewe hajamsikia mumewe akimkatalia mama yake hata kikombe cha chai asichokitaka. Mwishowe wakakubaliana Mwalimu akae wakati wa kuruka na Metroni kuanzia ndege ikifika juu mpaka itue. Ndege ilipofika juu Mwalimu akajisahau, Metroni akamfinya mkono, akainuka bila kinyongo wakabadilishana viti.

"Kunja na miguu yako," Metroni alimwambia, na Mwalimu akamtazama usoni, akakunja.