Mtoto wa Ukindu

Kuku wa katuni alisimama na mguu mmoja hewani, akabaki hivyo. Chumba kizima kikaguna. Nathanieli, mwenye kile chumba cha video hapa Kihagara, akapiga ubavu wa mashine kwa kiganja. Kuku akashusha mguu kidogo, akakwama tena.

"Nathanieli, kuku wako ana kideri," mtu akasema kutoka benchi la nyuma, na watu wakacheka.

Mkwe wangu Herieth hakucheka. Alisogeza uso mbele. Hakuwa ametazama kitu chochote namna ile tangu tumzike mwanawe, Joakim.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia nchini. Malori yalishuka kutoka Mbinga na sabuni za kila rangi, na Nathanieli akaleta jenereta na televisheni, akaziba madirisha kwa magunia ya kahawa. Mimi nilikuwa nimechoka. Mjukuu wangu alikufa kwa degedege akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, ameshika ukingo wa mtungi. Mwanangu Othmar alikuwa amepanda tena milimani kwenye vibarua vya kahawa, kwa kuwa msiba haujazi chungu. Herieth alilala uso ukutani. Nilimlisha uji kwa kijiko, na mara nyingine uji ulitoka tu pembeni mwa mdomo.

Siku ile nilimshika mkono nikamtoa nje bila kujua nampeleka wapi. Nathanieli alituona tumesimama juani, akatuita ndani bila kudai kiingilio, akaondoka kwenye kiti chake chenye egemeo ili mimi nikae. Yeye alisimama mpaka mwisho.

"Mama," Herieth aliniambia tukirudi, "yule si kuku mmoja. Ni kuku wengi. Kila mmoja kachorwa, mguu umesogea kidogo tu."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu msiba. Niliogopa kuyavuruga, nikajibu tu, "Basi waliomchora walikuwa na subira."

Kesho yake alishika ukindu wa kusukia mikeka.

Mkeka hauanzi kama mkeka. Unaanza kama ukili, utepe wa upana wa kiganja, unaosukwa mrefu na kuviringishwa kama bandeji, ndipo unapokatwa vipande na kushonwa ubavu kwa ubavu. Herieth alisuka ukili mweupe, na kila shubiri akachomeka ukindu mweusi kwa umbo la mtoto. Wa kwanza alitambaa. Aliyefuata aliinua kichwa. Mbele zaidi alipiga goti, akajisukuma, akasimama na mikono imetanuka. Kisha Herieth alitoboa dirisha dogo kwenye boksi la sabuni, akaupitisha ukili nyuma yake, akanipa ncha.

"Vuta shubiri moja, simama. Vuta, simama. Sasa haraka."

Mikono yangu ilikuwa mizito na mwanzo niliona madoa tu. Nikavuta tena. Dirishani pale, mtoto aliinuka.

Herieth alisema, "Hatua bado. Kila nikimpa hatua, anaanguka." Akaufumua mwisho wa ukili, akaanza upya sehemu ile.

Akawa anakula mwenyewe. Alikula mkono mmoja, mwingine umeshika kazi, lakini alikula. Usiku nilisikia ukindu ukikwaruza nikapata usingizi. Nilijua ukili ule ndio uliomwinua, na kwamba ukimtoka mikononi kabla mtoto hajatembea, atarudi ukutani, na mimi sikuwa na nguvu za kumwinua mara ya pili.

Ikafika siku ya kumaliza msiba. Kwetu, kazi ya mfiwa haiachwi nusu. Wakati yeye amepelekwa ziwani kuoga na kunyolewa, wanawake wa jumuiya hufagia nyumba na kumaliza kila alichokianza, ili huzuni isipate pa kukaa. Mimi nilikuwa ziwani nikimmwagia maji Herieth kichwani. Nyumbani, Marselina, kiongozi wa wanawake wa jumuiya yetu, aliukuta ukili kwenye ungo.

Tuliporudi, mkeka ulikuwa umetandikwa sebuleni. Wameukata, wameushona, kingo zimepindwa. Watoto wa ukindu mweusi walijaa juu yake, huyu anatambaa kando ya aliyesimama. Marselina alikuwa amefunga kidole kwa kitambaa, sindano ilimchoma. Wanawake wenzake walikuwa wakijinyoosha migongo.

"Karibu kwako, mwanangu," alisema. "Ulituachia kazi ndefu. Ulitaka kutandika kanisa zima?"

Walicheka. Sikuweza kumkasirikia mtu mwenye kidole kile. Nilimtazama Herieth, kisha nikautazama ule ukuta.

Alipiga magoti kwenye mkeka. Akapitisha kidole juu ya mtoto mmoja, akaruka kwa jirani yake, akarudi. Kicheko kiliisha chenyewe.

"Tumekosea?" Marselina akauliza.

"Mmeshona vizuri, Mama." Kisha Herieth akainama karibu zaidi, kama siku ile kwa Nathanieli. "Sikuwahi kuwaona wamekaa hivi, ubavu kwa ubavu. Tazama goti. Linachelewa. Mwili umeshakwenda mbele, goti bado liko nyuma. Ndiyo maana alikuwa anaanguka."

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi, na mimi nilielewa nusu.

"Una ukindu kwako, Mama?" akamwuliza Marselina.

Marselina alitoka bila kuuliza wa nini. Alirudi na mzigo kichwani, akaketi sakafuni karibu na Herieth, akachukua kisu.

"Nipasue upana gani?"

Herieth alimwonyesha kwa ukucha.

Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Miguu iliniuma mpaka nyongani. Ndani wakaanza kubishana juu ya rangi. Nilisubiri kuitwa. Hakuna aliyeniita, nikaendelea kukaa, nikipumzisha miguu.