Rula ya Marehemu

Yustus alipofika Kituntu likizo ile ya mwaka hamsini na tano, mama yake, Kemigisha, alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mwanawe alikuwa amewapita wenzake wote wa sayansi katika chuo cha Kampala, akatunukiwa rula ya kukokotolea hesabu ndani ya mfuko wa ngozi. Baba yake, mzee Rwegoshora, aliigeuzageuza, akauliza maandishi yaliyochongwa ubavuni yalikuwa ya nini.

Yustus alisema ni jina la mhandisi Mwingereza, mjenzi wa madaraja, aliyekwisha kufa. Zawadi hutolewa kwa kumkumbuka. Aliyemkabidhi ni mjane wake, mbele ya watu, na watu wakapiga makofi.

Mzee akairudisha rula upesi, kama kitu cha wizi.

Tangu hapo roho haikumtulia. Alilolijua yeye halikuhitaji chuo: mtu akifa, ukoo hukutana, mjane akiwepo, na kijana mmoja hukabidhiwa mkuki wa marehemu na kukalishwa kwenye kiti chake. Huyo ndiye mrithi, na mtu harithi nyumba mbili. Kumbe Wazungu hawa, wajanja wa kutupwa, wamemtawaza mwanawe wa pekee halafu wakaita zawadi. Na kibanja chake, pamoja na migomba na mibuni yote, kingekwenda kwa nani? Kwa Gosbert, mtoto wa nduguye, mlevi asiyejua hata kung'oa gugu, ambaye siku hizi shikamoo zake zilikuwa ndefu kupita kawaida.

Akaanza kumvizia mwanawe. Yustus alipita migombani mikono nyuma, kama mgeni. Alipoulizwa mibuni ipi ipunguzwe matawi, alijibu ile ambayo baba ataona inafaa. Lakini rula aliifuta kwa kitambaa kila jioni. Kemigisha alimwambia mumewe kwamba uzee unamchezea akili. Mzee akazidi kununa.

Hatimaye akamwita kijana sebuleni.

"Huyo mjane ana watoto?"

"Hana, Tata."

"Enhe. Nilijua."

Yustus alipoelewa alicheka, kisha akaeleza kwa upole: ni desturi ya chuo tu, hapana arithiye kitu, na mwakani atapewa mwingine. Alieleza vizuri hata mzee akaanza kuona haya. Akauliza la mwisho, ili tu kufunga maneno: basi mama huyo hakumwomba chochote?

Yustus akainuka. Halafu akasema, "Amenitafutia nafasi ya kusomea uhandisi kwao Uingereza. Nitakaa nyumbani kwake. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

Kukisia kweli hakukumfurahisha Rwegoshora hata kidogo. Kulimuuma. Aliinuka kwenye kiti chake, kile cha miguu mifupi alichoachiwa na babake, ambacho hakikaliwi na mwingine mwenyewe akiwa hai.

"Kaa hapa."

"Tata, wewe bado u hai."

"Najua. Kaa."

Kijana alikitazama kiti, akamtazama mama yake mlangoni. Alibaki amesimama, mkono mmoja umeukamata mfuko wa ngozi. Mzee alimsubiri kwa muda mrefu. Kisha akaketi tena, akamwambia Kemigisha atume mtu akamwite Gosbert.