Pirohi za Kitanda cha Tano

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa subira, na mwaka ule wa korona ulinimaliza hata ile kidogo niliyokuwa nayo.

Hospisi ya mji wetu ina vyumba vitano, kila chumba kitanda kimoja. Wanaolala humo ni watu ambao madaktari wamekwisha kunyoosha mikono, na wanapewa dawa ya maumivu, shuka safi na mtu wa kukaa nao. Serikali inatoa nusu ya gharama. Nusu nyingine tunaitafuta sisi, akina mama kumi na wawili wa kanisa la Kiukraina, kwa kupika pirohi, vile vifuko vya unga vinavyojazwa viazi na jibini na kuchemshwa, na kuziuza kila Alhamisi. Mwezi Machi ukumbi wa chini wa kanisa ukafungwa, pirohi zikakoma, na kufika Septemba Glen Peturson, msimamizi wa hospisi, akafunga kitanda cha tano. Hakuwa na mshahara wa muuguzi wake.

Mwezi huohuo wifi yangu Slavka, dada wa marehemu mume wangu, akaambiwa ana saratani ya kongosho. Anaishi peke yake na hana mtoto. Mimi naishi na mwanangu Taras, anayefanya kazi kwenye makao ya wazee ambako korona ilikuwa imeingia, kwa hiyo daktari wa Slavka akanipiga marufuku kukanyaga kwake. Muuguzi alikuwa anapita asubuhi, nusu saa, basi. Saa zote zilizobaki nilikuwa namwaza amelala sakafuni jikoni hana wa kumwinua. Nilikitaka kile kitanda kwa ajili yake. Sioni haya kusema hivyo.

Nikampigia Glen.

"Mama Orysia," akasema, "nipatieni mshahara wa muuguzi mpaka Machi, kitanda nakifungua siku hiyohiyo."

Ilipofika Novemba, afisa wa afya alituruhusu kupikia majumbani, mradi tusikutane. Ungedhani jambo limekwisha. Lakini sisi tumepika pamoja miaka arobaini, na kwa miaka yote hiyo kila mtu ana kazi yake na haingilii ya mwenzake. Darka anaponda viazi na jibini, na mwisho ndiye anayechemsha. Pearl anasukuma unga na kukata duara kwa glasi. Mimi na wengine tunajaza na kubana kingo. Na Slavka anakanda. Alikuwa anafika saa kumi na moja alfajiri, anajifungia jikoni, na sisi tukiingia tunakuta madonge yamelala chini ya kitambaa chenye maji. Unga wa nyumbani kila mmoja wetu anaujua, lakini ule wa kanisani, laini, usiopasuka, ule ambao watu wanautolea pesa, hakuna aliyejua unakandwaje.

Basi tukapanga kupitishiana. Slavka akande, mimi nichukue donge mlangoni kwake nimpelekee Pearl, Pearl awapelekee wanaojaza, mpaka zimfikie Darka wa kuchemsha. Karatasi ya afisa ilisema kila kitu kiachwe nje ya mlango.

Siku ya kwanza tu, Darka akanipigia simu.

"Dada, zimepasuka zote. Nina supu ya viazi hapa."

"Umechemsha maji mpaka yakafurika, wewe."

"Usinianze. Pearl anasema unga aliukuta mgumu kama tofali. Uliuacha wapi?"

"Barazani kwake, saa mbili."

"Aliuchukua saa tano. Alikuwa anaoga."

"Saa tatu nzima anaoga? Ni nyangumi?"

Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Sisi tumezaliwa hapa. Tunajua baridi hii inavyogandisha masikio ya ndama mpaka yanakatika. Na bado wanawake wazima, wenye wajukuu, tuliacha unga barazani kwa sababu karatasi ilisema nje ya mlango. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba yangu nikalia kwa hasira. Wiki nzima ilikuwa imepotea, na Slavka hakuwa na wiki za kupoteza.

Ilibidi kila mtu akande kwake. Nikampigia wifi yangu.

"Niambie vipimo."

"Vipimo gani?"

"Vya unga. Vikombe vingapi, maji kiasi gani."

"Vikombe sivijui. Mkono ndio unajua."

"Slavka, sina muda wa maringo yako."

"Kati yangu na wewe, nani hana muda?"

Akacheka, maana alijua amenipata. "Njoo kesho dirishani. Uje na beseni."

Nikaegesha gari ubavuni mwa dirisha la jiko lake, injini inanguruma, joto limewashwa, beseni mapajani, simu nimeibana begani. Yeye alikaa kwenye stuli upande wa pili wa kioo, naye ana beseni lake. Alikuwa amekonda hata gauni lilikuwa linamning'inia.

"Maji yaliyochemshiwa viazi," akasema. "Ya vuguvugu. Na krimu iliyochacha."

"Na mayai."

"Nani kakwambia mayai? Mayai yanakupa soli ya kiatu."

Miaka arobaini niliapa kuwa ni mayai. Nikakanda, nikainua donge alione. Akalitazama muda mrefu.

"Hiyo ni saruji. Ongeza maji. Taratibu, unga haujakukosea kitu."

Mara mbili Slavka aliacha kukanda donge lake, akashika tumbo, akafumba macho. Mara zote mbili nilishika kitasa cha mlango wa gari, na mara zote mbili akaniambia nikae. Donge la tatu akalikubali. Hapo hasira zikanipanda.

"Kwa nini hukutuambia miaka yote?"

"Ningewaambia, mngenihitaji kwa lipi?"

Alisema hivyo huku anafuta meza.

"Mjinga wewe," nikamwambia. "Tungekuhitaji vilevile."

Akanifukuza niende kuwafundisha wenzangu.

Nikawafundisha kwa simu, mmoja mmoja, mpaka sauti ikanikauka. Magari yakapanga foleni mbele ya kanisa, tukawapitishia watu mifuko dirishani huku barakoa zimeganda barafu usoni. Wiki ya kwanza ya Desemba Glen alikuwa na mshahara wa muuguzi mpaka Machi, na zaidi.

Jumanne akanipigia. "Kitanda cha tano kimefunguliwa."

"Niambie saa ngapi, nije na gari kumchukua."

"Mama Orysia." Nikasikia anavuta pumzi. "Wa kwanza kwenye orodha ni mzee Boychuk, yule wa shamba la kaskazini. Slavka ni wa pili."

"Wa pili mpaka lini?"

"Mpaka kitanda kipatikane."

Wote wawili tulijua kitanda cha pale hupatikanaje.

"Huyo Boychuk amebana pirohi ngapi?"

"Hata moja. Mkewe anambeba peke yake tangu Oktoba. Nikianza kuwapa vitanda wanaotuchangia, wasio na cha kuchanga watafia wapi?"

Nikamkatia simu. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa na haki.

Nilikwenda dirishani kwa Slavka. Muuguzi alikuwa ndiyo kwanza anatoka. Akaniambia barazani, kwa sauti ya chini, kwamba zimebaki siku, si wiki. Slavka alishika simu kwa mikono miwili.

"Kitanda kimefunguliwa," nikasema. "Si chako."

"Cha nani?"

"Mzee Boychuk. Mkewe amechoka kumbeba."

"Anambeba peke yake?"

"Tangu Oktoba."

Akatazama mikono yake. Nikangoja alie, au anitukane, nipate kulia naye.

"Basi tutafute cha sita," akasema. "Kabla ya Pasaka. Nani ana viazi?"

Cha sita hakipo. Vyumba ni vitano, na yeye alijua hivyo kuliko mimi. Nilitaka kuvunja kile kioo niingie nimkamate nisimwachie.

"Darka anavyo," nikasema. "Unataka magunia mangapi?"