Neema Kabla ya Mvua

Lori lilipoingia uwanjani mwa shule, Bi Sindano aliangalia kwanza mawingu, kisha turubai, kisha mjukuu wake. Mawingu yalikuwa meusi ti. Turubai lilifungwa kamba kila upande, na chini yake, kila mtu alishajua, kulikuwa na mahema. Mjukuu alikuwa kifuani kwa mama yake kwenye veranda ya darasa la tatu, akikohoa kikohozi kikubwa kuliko yeye mwenyewe.

Hapo verandani ndipo walipoishi tangu mlima uporomoke. Madarasa yalijaa watu mpaka milangoni, na waliochelewa kufika walipewa sakafu ya nje. Binti yake alichelewa kwa sababu alikuwa anajifungua, tena akiwa mjane wa siku hiyohiyo. Mvua ya juzi iliingia kwa ubavu ikawalowesha wote wawili, na tangu hapo mtoto hakunyonya vizuri. Mvua nyingine ya namna ile, basi tena. Bi Sindano hakutaka hata kuimalizia hiyo fikra.

Jina la Sindano alipewa kwa sababu alikuwa fundi cherehani, na pia kwa sababu ya ulimi wake. Isitoshe, alikuwa mzee wa kanisa. Kanisa lenyewe sasa lilikuwa chini ya udongo, kengele na yote, na mchungaji alikuwa hospitalini, mguu kwenye plasta. Kwa hiyo kila asubuhi ni yeye aliyesimama kwenye ngazi za veranda, ndani ya gauni la kuazima, akaongoza sala.

Hakuna aliyewaambia wageni hayo, na wageni hawakuuliza. Walishuka kwenye basi lililofuata lori, na fulana zao za rangi moja, wakafunga spika, wakawasha jenereta, wakasimamisha jukwaa na kinanda. Walikuja kwa moyo safi, hilo lazima lisemwe; wengine walitokwa machozi walipowaona watoto. Kiongozi wao alikuwa Mwinjilisti, kijana mwenye sauti nzuri na viatu ambavyo tope lilikuwa limeshaanza kuvizoea.

Bi Sindano alimfuata palepale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naomba hema moja tu, sasa hivi. Nina mjukuu mchanga pale, na mvua hiyo inakuja."

"Pole sana, mama. Utapata. Ila tuna utaratibu wetu, Neno kwanza, vitu baadaye. Safari iliyopita tulianza na vitu, watu wakachukua wakajiondokea. Nikabaki nazihubiria spika."

"Mimi nitaondoka niende wapi?"

Mwinjilisti akatabasamu, akamshika bega. "Leo Mungu ana jambo na wewe, mama. Hebu waite wenzako."

Aliwaita. Wakaketi kwenye nyasi, watoto mapajani. Kwaya ya wageni iliimba vizuri, wala Bi Sindano hakuwa na la kuwalaumu. Lakini mahubiri yalirefuka, upepo ukaanza kuvuta shuka zilizoanikwa kwenye madirisha, na Bi Sindano hakusikia neno lolote vizuri kama alivyosikia kile kikohozi kule nyuma.

Mwisho Mwinjilisti akafika alipokuwa anakwenda. Nani yuko tayari kuliacha giza leo? Anyooshe mkono.

Hakuna mkono ulionyooshwa. Ungenyooshwa kwa lipi? Pale kwenye nyasi waliketi watu waliobatizwa, wakapata kipaimara, wakafunga ndoa kanisani, na wengine walikuwa walimu wa shule ya Jumapili.

"Tunyooshe tu atuachie?" mwanamke mmoja alimnong'oneza jirani yake.

"Mimi nimeokoka huyu hajazaliwa," jirani akajibu. "Nianze upya kwa ajili ya hema?"

Mwinjilisti aliona mioyo migumu. Akamwashiria mpiga kinanda alainishe. Dereva wa lori, aliyekuwa ameshaanza kufungua kamba ya kwanza, akaashiriwa aifunge.

"Tutasubiri," Mwinjilisti akasema kwenye kipaza sauti. "Najua kuna mtu hapa anashindana na Mungu. Ndugu zangu, mlima ule ulikuwa sauti yake. Aliwaita kwa upole, hamkusikia. Ndipo akauangusha."

Bi Sindano akasimama.

Uso wa Mwinjilisti ukang'aa. Alishuka mwenyewe jukwaani, akamshika mkono kwa upole mkubwa, akampandisha, akamkabidhi kipaza sauti. Kinanda kikapanda kidogo. Wanakwaya wawili wakaanza kulia kwa furaha.

"Mtumishi," Bi Sindano akasema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote, "mlima ule uliangushwa na mvua. Umemfukia mkwe wangu, aliyekuwa anaimba besi kwenye kwaya yetu. Mungu namfahamu siku nyingi. Unamsingizia, na mimi sitakaa hapa nikusikilize ukimsingizia." Akawageukia watu. "Tusimame kwa neema."

Akaianza neema, ile sala ya kufungia ibada, ambayo kila aliyewahi kukalia benchi la kanisa anaijua kwa moyo. Watu wote walikuwa wameshasimama. Walidakia kutoka neno la pili, wale wa nyasi na wale wa fulana pamoja, kwa sababu neema ikishaanza mdomo hauombi ruhusa. Kinanda kikanyamaza. Mwinjilisti mwenyewe alifumba macho kwa mazoea, akaisema mpaka mwisho. Dereva aliitikia Amina mkono ukiwa kwenye kamba.

Na baada ya neema hakuna anayerudi kukaa. Watu wakapeana mikono, wakaelekea kwenye lori, ambako dereva alishaanza kufungua kamba.

"Mama, sikuwa nimemaliza," Mwinjilisti akasema.

"Najua, mwanangu. Sisi tumemaliza."

"Umefunga ibada isiyo yako."

"Nimeifunga. Ukitaka kunishtaki, mchungaji wangu yuko hospitali, wodi ya wanaume. Ukienda, mpelekee matunda."

Hema la kwanza lilisimama karibu na ukuta wa darasa la tatu. Matone yalianza kudondoka binti yake akiwa ndiyo kwanza ameingia na mtoto, kisha mvua ikamwagika yote kwa mkupuo. Upepo ukayumbisha nguzo, Bi Sindano akaikumbatia kwa mikono miwili. Baadaye akahisi imekuwa nyepesi. Mwinjilisti alikuwa ameishika upande wa pili, maji yakimtiririka usoni, viatu vimezama.

Walishikilia hivyo mpaka dereva alipokaza kamba za upande ule. Kutoka ndani, kikohozi kilikuwa kimetulia.

"Kesho asubuhi," Mwinjilisti akasema hatimaye, "naweza kuzungumza na watu?"

"Sala ni mapambazuko, pale kwenye ngazi. Naongoza mimi. Ukija, utakaa kwenye nyasi na wenzako."

Akamwachia nguzo, akainama, akaingia ndani kwa mjukuu wake.