Mifugo ya Bhavna

Jumamosi ile Bhavna alipomwinua namba tisa kutoka kwenye tope, nusura amtupe.

"Wewe!" alimwambia kobe, macho kwa macho. "Mwaka mzima hapa hapa! Miguu umepewa ya nini?"

Kobe akarudisha kichwa ndani, akaachia ule uvundo wao wa kujihami, ukamwenea Bhavna mikono yote miwili. Huyu si yule kobe wa porini mwenye mgongo kama kichuguu. Ni kobe wa majini, bapa, shingo ndefu, anayeishi kwa konokono na vyura. Mgongoni alikuwa na namba kwa rangi nyekundu ya mafuta, ile ya kupaka mageti. Bhavna ndiye aliyemwandika, miaka miwili iliyopita, na rangi ilipofifia alimwandika tena.

Aliandika kobe ishirini na watatu. Na wote hao, kila akija, aliwakuta kwenye dimbwi lile lile, shimo waliloliacha wafyatua tofali wa mtaa wa Ipogolo walipomaliza udongo na kuhama. Mto Ruaha Mdogo uko karibu tu, ukivuka bustani za mboga umefika. Lakini mtoni hajapata kumkuta hata mmoja mwenye namba. Hata mmoja, jamani!

Ingekuwa ni hamu ya kujua tu, angeuza zake misumari dukani kwa kaka yake Nirav, akasahau. Tatizo ni Shedrack, mwenye malori. Shedrack alishanunua kile kipande cha katikati, kati ya dimbwi na bustani, anataka kujenga yadi, na yadi haikosi ukuta: wa tofali, kutoka barabara kuu mpaka kwenye miamba. Bhavna alikuwa na hakika kwamba hapo ndipo kobe wanapopita. Kiangazi dimbwi likibaki tope wanashuka mtoni. Mvua zikianza wanapanda tena. Nyayo zao alishaziona kwenye vumbi, vikucha vidogo vidogo, mkia ukiburuzwa katikati. Ukuta ukikata njia hiyo, kobe wamekwisha.

Afisa wa mazingira hakuwa mtu mbaya. Alimwambia, "Mama, nyayo hazina jina. Niletee kobe mmoja tu mwenye namba yako, aliyeonekana ng'ambo. Mmoja! Nitamwandikia Shedrack aache vitundu chini ya ukuta. Jumatano nakuja."

Ndiyo maana Jumamosi ile alikuwa tayari kumtupa namba tisa. Alfajiri alishatembea kingo za mto mpaka mabuti yakajaa maji, akarudi mikono mitupu, halafu anamkuta huyu hapa, ametulia kama mgeni aliyekaribishwa chai.

Nirav alimwona akirudi na matope mpaka kiunoni. "Dada, wateja wanakuulizia. Niwaambie umeolewa na kobe?"

"Waambie nimeachika," alijibu Bhavna, akapita zake kunawa.

Jumatano afisa alikuja na Shedrack, naye Shedrack kofia mkononi, mpole wa kuudhi. Bhavna hakuwa na kobe wa kuonyesha, basi akatoa daftari. Alidhani kazi yenyewe itamwombea: tarehe, namba, mahali, miaka miwili bila kuruka wiki. Afisa alisoma kurasa nyingi, kwa heshima. Kisha akalifunga polepole.

"Mama, hii ni kazi safi sana. Lakini daftari linasema lenyewe. Namba tisa, dimbwini. Namba kumi na nne, dimbwini. Namba tatu, dimbwini. Kobe hawa hawatoki."

"Wanatoka!"

"Ni daftari lako, mama."

Ungemchoma Bhavna sindano asingetoa damu. Miaka miwili ya mgongo kuuma na mbu, na ushahidi aliokusanya kwa mkono wake ndio uliomshinda. Kibali kilisainiwa juu ya boneti ya gari, naye anatazama. Kesho yake lori la kwanza la tofali likamwaga.

Jumamosi iliyofuata alikwenda dimbwini bila daftari. Alikaa tu kwenye rundo la udongo, amenuna, hana hata hamu ya kuvaa mabuti. Ndipo akamwona mama Rozalia akipanda kutoka bustanini kwake, beseni la mchicha kichwani, kama afanyavyo kila siku akielekea sokoni. Mama Rozalia alikuwa mjane wa Kihehe, mwanakwaya wa usharika, mtu wa maneno machache. Alifika ukingoni, akashusha beseni, akapenyeza mkono chini ya mchicha, akatoa kobe. Akamweka majini, akajipangusa mikono kwenye kanga.

Bhavna aliruka. "Mama Rozalia!"

"Kamwene," alisalimu yule mama kwa Kihehe, bila kushtuka. "Kumbe upo. Ng'ombe wako huyo, katoroka tena."

"Ng'ombe wangu?"

"Namba kumi na nne. Nimemkuta karibu kabisa na mto. Bhavna mwanangu, leo acha nikuambie, maana nimevumilia. Mtu ukifuga, unajenga zizi. Wananichimbulia matuta, wanafukia mayai kwenye vitunguu vyangu, na mimi mgongo huu ndio wa kuwarudisha kila mara. Ningekuwa mtu mwingine ningeshakupeleka kwa mwenyekiti."

"Umekuwa ukiwarudisha? Tangu lini?"

"Tangu ulipowapiga alama. Baba yangu alichunga ng'ombe wa watu maisha yake yote. Mnyama akiwa na alama ana mwenyewe. Ukimkuta kwako humli, humuuzi, unamrudisha siku hiyo hiyo. Si ndivyo tulivyolelewa?"

"Na wasio na alama?"

"Wale wa Mungu. Nawaacha waende wanakokwenda. Wanashuka mtoni, mvua wanarudi. Tangu nikiwa msichana wanapita hapo."

Loo! Bhavna alitaka kucheka, akataka kulia, na kilichotoka hakikuwa kimojawapo. Kumbe kobe wote wa Ipogolo walikuwa wakisafiri wapendavyo, isipokuwa ishirini na watatu aliowapaka rangi yeye. Aliowaandika ili ajue wanakokwenda ndio pekee ambao hawakuruhusiwa kufika.

"Mama, unakumbuka ni wapi umewakuta? Lini?"

"Kwa nini nisikumbuke? Huyu tisa ni msumbufu, kila mwaka baada ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana anakuwa kwenye kabichi. Namba tatu nilimkuta ukingoni kabisa mwa mto, siku ya kipaimara cha mjukuu wangu. Nikachelewa ibada kwa ajili yake."

Bhavna alimpigia afisa palepale. Alimweleza yote. Upande wa pili kikasikika kicheko kidogo, si cha ubaya.

"Mama, Jumatano daftari lilisema hawatoki. Leo linasema wanatoka, ila kuna mama wa mboga anawarudisha kwenye beseni. Hebu nisaidie, hiyo nitaiandikaje kwenye ripoti?"

"Iandike kama ilivyo!"

"Kibali kimeshatoka, mama. Nasikitika."

Akamfuata Shedrack mwenyewe, akaomba vitundu viwili tu, vya kupita sahani ya chai. Shedrack alimkalisha kwenye kiti, akamwagizia soda, akakataa. Kitundu anachopita kobe, alisema, kinapita mkono wa mwizi wa dizeli.

Hasira haikosi pa kushukia, na ya Bhavna ilimshukia asiyestahili. Akirudi, alimkuta mama Rozalia njiani ameketi anamngoja, mchicha unanyauka juani, anataka kujua kama maneno yake yamesaidia.

"Umeniharibia kila kitu!" Bhavna alimpasukia. "Miaka miwili! Usiwaguse tena, umenisikia? Hata mmoja! Hata ukimkuta kitandani kwako!"

Mama Rozalia alifunga kanga yake vizuri, akajitwika beseni, akaenda. Tangu siku hiyo wakikutana barabarani zilikuwa salamu tu, tena fupi. Bhavna alijua alipaswa kuomba radhi. Kila siku alisema kesho, na ukuta ukazidi kupanda, mpaka ukafika kwenye miamba.

Mvua za kwanza zilinyesha Desemba, usiku kucha. Asubuhi Nirav alikuwa anafungua milango ya duka alipoingia kijana wa bodaboda, amelowa chapachapa. "Dada Bhavna, bibi wa mboga anakuita. Anasema uje, mifugo yako imefika ukutani."

Alikimbia na viatu vya dukani. Alizunguka ukuta kwa barabara kuu, akashuka bustanini, na hapo akasimama. Walikuwa wamejipanga chini ya tofali, upande wa mto, kumi au zaidi, vichwa vyote vimeelekea dimbwini. Walikuwa wanakwaruza. Mmoja alipanda mgongo wa mwenzake, akateleza, akaanguka chali, akajigeuza, akaanza upya. Namba tisa alikuwemo. Namba tatu alikuwemo. Walishuka kabla ukuta haujafunga njia, na safari hii hakuna aliyewarudisha. Ushahidi aliokuwa akiutafuta miaka miwili ulikuwa umesimama mstari mmoja mbele yake, na haukuwa na kazi tena.

Mama Rozalia alikuwa amesimama hatua chache, kanga imemgandia mwilini, beseni tupu mkononi. Ilionekana amesimama hapo muda mrefu.

"Tangu alfajiri wanahangaika hivyo," alisema. "Nilitaka kuwasaidia. Lakini ulisema nisiguse."

Bhavna alishindwa kumtazama. "Nilisema vibaya, mama. Nisamehe. Ulikuwa unanirudishia mali yangu, nikakutukana."

"Yameisha." Mama Rozalia alifuta maji usoni. "Sasa niambie. Nibebe, nisibebe?"

"Beba."

"Niwapeleke wapi?"

"Wanakotazama."

Walianza kuwaokota, namba moja moja. Beseni lilipokaribia kujaa mama Rozalia aliinama kwenye kona ya mwisho, akanyanyuka na kobe mdogo, akamgeuza huku na huku kwenye mvua.

"Huyu hana alama," alisema. "Huyu si wako. Hana mwenyewe."

Bhavna alimtazama yule kobe, mmoja wa wale waliokuwa wakipita bila kumwomba mtu ruhusa, miguu yake minne bado inapiga hewa kuelekea ukutani. Kucha zake zilikuwa zinatoka damu.

"Nipe huyo," alisema. "Nitambeba mimi."

Kobe akamwachia uvundo wake wote kifuani. Bhavna hakumwachia. Alimshika kwa mikono miwili, akatangulia kuelekea barabara kuu, na mama Rozalia akamfuata na beseni kichwani.