Mchoyo wa Roho

Daktari alisema maneno saba tu: "Ukimpa figo moja, tutakuwa na wagonjwa wawili." Binti aliyeitwa Sindano alirudi nayo njia nzima kama mtu aliyebeba kaa la moto mdomoni. Alikwenda kupimwa ili amtolee kaka yake figo, akaambiwa zake mwenyewe zimeanza kuharibika.

Alimkuta kaka yake sebuleni mbele ya televisheni, mkono wa kushoto, ule anaotolewa damu, kaulaza juu ya mto kama kitoto kichanga.

"Umechelewa, Sindano," alisema bila kugeuka. Jina hilo kaka ndiye aliyempa, kwa wembamba wake. Dada mtu alipokuja kuwa fundi cherehani wa sare za shule, likaganda moja kwa moja.

"Foleni, kaka."

"Wamesemaje?"

"Majibu bado. Wiki ijayo."

"Haya, kaa nikuchape gemu."

Mwaka mzima sasa kaka mtu, mchora mabango aliyezoea kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na kopo la rangi likining'inia kiunoni, alikuwa akiishi kwa mashine mbili. Ya hospitali ilimsafisha damu mara tatu kwa wiki na kumrudisha nyumbani kama nguo iliyokamuliwa. Ya pili ilikuwa hii ya gemu, kuukuu, pedi yake moja ya kuchezea imezungushiwa utepe isiachane. Alipenda kusema ya kwanza inamweka hai, ya pili inamsahaulisha kwa nini. Vijitu vyao viwili, chekundu na cha kijani, vikiwa vinaruka juu ya madaraja yanayobomoka, hakuna aliyetaja figo. Mama yao alishakataliwa kwa presha. Mjomba naye, kila akilisikia neno lenyewe, simu yake huisha chaji. Alibaki Sindano.

Wakacheza. Kila mmoja huanza na roho tano. Ukitumbukia mtoni, unapoteza moja. Zikikuisha, mwenzako anaweza kukugawia yake kwa kubonyeza vitufe viwili, akipenda. Sindano hakuwahi kupenda. Kwenye gemu alikuwa mkono wa birika: humwacha kaka yake azame huku yeye ana roho nne za akiba, kisha hucheka mpaka akashika mbavu.

Leo vidole vya kaka vilikuwa vimevimba, havimtii. Kabla ya daraja la tatu, roho zote tano zilikuwa zimekwenda na maji.

"Basi, nimekata roho," alisema akicheka. "Endelea peke yako, mchoyo mkubwa we!"

Sindano akabonyeza vitufe viwili. Kijitu cha kijani kikafufuka.

Kaka alimtupia jicho, akaendelea kucheza. Akatumbukia. Sindano akampa nyingine. Akatumbukia tena, naye akampa ya tatu, upesi, hajaombwa, anabonyeza kwa nguvu kama anayetaka kutoboa pedi.

Kaka aliweka pedi yake chini. Muziki wa gemu uliendelea kulia, wa furaha, wa kijinga.

"Wamekukataa," alisema.

"Nani kakwambia? Si nimesema wiki..."

"Dada. Toka utotoni hujawahi kunipa hata moja."

Hakuwa na kawaida ya kumwita dada. Sindano alifungua mdomo atunge uongo mwingine, ukatoka ukweli.

"Zangu nazo zimeanza, kaka."

Alingoja kaka yake alie, atukane, apige ukuta. Ni yeye aliyekuwa amepoteza tumaini lake la mwisho. Lakini kaka alimtazama miguuni, akainama kwa shida, akamminya kifundo cha mguu kilichovimba kwa kidole gumba. Akakitoa. Shimo dogo likabaki kwenye ngozi, halijai.

"Zimeanza kidogo," alisema Sindano.

"Kidogo kama mimi mwaka juzi?"

Sindano akaurudisha mguu chini ya kiti.

Kaka alishika mkono wa kiti, akajiinua. "Kaa hapo. Mama nitamwambia mimi."

Sindano alisikia ndala zake zikiburuzika koridoni hadi jikoni, ambako mama yao alikuwa akikatakata vitunguu.

"Mama, zima jiko, ukae kwanza."

Kisu kikanyamaza. Ikaja sauti ya mama yao, ndogo kuliko alivyowahi kuisikia:

"Yupi kati yenu?"